Namna ya kukataa ofa za msimu na duka bado likaishi

Duka letu la mikoba na misala ya ukili, yaani mikanda iliyosukwa kwa ukindu, majani ya mkindu, hapa Ngamiani, Tanga, halishushi bei kwa ajili ya msimu. Ijumaa Nyeusi ya Novemba inapita, Krismasi inapita, Idi mbili zinapita, na bei iliyoandikwa Machi ndiyo utakayoikuta Desemba. Wenzangu wenye biashara ndogo huniuliza tunawezaje, hasa wanaoshona nguo, wanaotengeneza sabuni ya mwani, viatu vya ngozi, vikapu, watu ambao bidhaa zao zinatoka kwenye mikono wanayoifahamu. Hawa ndio ninaowaandikia. Anayeuza mzigo wa kontena ana hesabu nyingine kabisa.

Naanza na hesabu. Bila hesabu, kukataa ofa ni ubishi tu, na mteja akikubana kwa maswali mawili utalegea.

Chambua bei ya kitu kimoja

Chukua bidhaa inayotoka zaidi dukani kwako. Mimi nachukua mkoba wa saizi ya kati, shilingi 45,000. Mkoba huu unakula pima sita za ukili. Pima hupimwa kwa mikono: msukaji ananyoosha mikono yote miwili, ukili unapita kifuani kutoka ncha za vidole vya huku hadi ncha za vidole vya kule, na anahesabu kwa sauti nawe ukiwa umekaa mbele yake. Pima moja tunainunua 2,000.

Anayeona hiyo ni ghali akakae na msukaji barazani kwake asubuhi moja. Ukindu unakatwa ungali mchanga, kabla jani halijafunguka. Unaanikwa mpaka uwe mweupe. Unachanwa chane moja moja ili zilingane upana, maana chane nene ikichanganyika na nyembamba ukili unapinda na hautanyooka tena. Zinazotakiwa rangi zinachemshwa, zinatolewa, zinaanikwa kivulini. Hapo ndipo kusuka kunaanza, katikati ya kupika, kufua na kwenda shamba. Mama mmoja anayetusukia upande wa Pangani akifika kwenye kosa, hata kama ni la chane moja na hakuna atakayeliona, anafumua kurudi nyuma mpaka alipolianzia. Nimemwona akifumua karibu nusu pima huku anaongea na mgeni, bila hata kukunja uso.

Basi pima sita ni 12,000. Mshonaji anayeunganisha ukili kwa shazia, ile sindano kubwa, mpaka uwe mkoba, 6,000. Mikanda ya ngozi pamoja na fundi wake, 7,000. Rangi, uzi na bitana, 4,000. Nauli ya mzigo kutoka vijijini, pango la chumba, umeme na vifungashio, 6,000. Makato ya simu na kodi ya serikali, 2,000. Jumla 37,000. Zinabaki 8,000, na humo ndani kuna riziki yangu, akiba ya mwezi mbaya na mtaji wa mkoba unaofuata.

Sasa weka bango la asilimia 30. Punguzo ni 13,500. Zile 8,000 zangu zimeisha zote, na bado 5,500 zinatafutwa. Mwenye nyumba hashushi pango kwa sababu ni Novemba. Muuza ngozi hashushi. Kampuni ya simu haipunguzi makato. Anayebaki ni yule asiye na mkataba, anayeishi mbali na duka, ambaye hatakuja kukugombeza. Ukizitoa 5,500 kwake, pima yake ya 2,000 inakuwa chini ya 1,100. Siku ile ile mteja anatoka dukani na furaha ya ofa, naye hana kosa lolote, kwa sababu hakuna aliyemwambia ofa imetoka kwa nani.

Kuna watakaosema weka punguzo dogo, utauza wengi, utafidia. Lipige hesabu hilo nalo. Asilimia 10 ya mkoba huu ni 4,500, hivyo faida inashuka kutoka 8,000 hadi 3,500. Mikoba saba kwa bei kamili inaniletea 56,000. Ili nipate hizo hizo 56,000 kwa bei ya ofa, lazima niuze mikoba kumi na sita. Zaidi ya mara mbili ya kazi, zaidi ya mara mbili ya ukindu, kwa pesa ile ile. Fanya hesabu hii kwa bidhaa yako leo, kwa kalamu, kabla hujasoma zaidi. Wengi nikiwaonyesha namna ya kuipiga wanaishiwa na hamu ya ofa hapo hapo.

Ujue ofa hizi zilitengenezewa nani

Ijumaa Nyeusi ni ya Marekani, siku inayofuata sikukuu yao ya Shukrani, ambayo huwa Alhamisi ya nne ya Novemba. Maduka makubwa ya kule huagiza mzigo miezi mingi kabla, kwa maelfu, kwa kukisia watu watapenda nini. Kisichotoka kinakula nafasi ghalani, na mtindo ukipita hakiuziki tena. Kwa biashara ya namna hiyo kushusha bei kuna mantiki yake. Mara nyingi hata punguzo lenyewe limeshawekwa ndani ya bei tangu siku ya kuagiza. Wewe unayeshona baada ya oda kuingia, ghala lako liko wapi? Unasafisha mzigo gani?

Tena sisi wa pwani tuna sababu nyingine ambayo huko haipo. Novemba ni vuli. Ukindu ulioanikwa kwenye vuli haukauki vizuri. Juu utauona mkavu, ndani una unyevu. Ukiusuka hivyo hivyo kwa sababu wateja wanasubiri ofa, baada ya muda unanywea, mishono inaachana, na vidoa vyeusi vya kuvu vinajitokeza kwenye kona za chini ambako upepo haufiki. Msimu wa kuuza kwa fujo umeangukia kwenye majira mabaya kabisa ya kusuka. Na mkindu nao una mwendo wake. Ukikata machipukizi yote kila unapopita, shina linadhoofika na safari ijayo mwenzako anakuta majani makavu tu. Wasukaji wetu huacha chipukizi kwenye kila shina, na desturi hiyo ndiyo inayokufa kwanza oda zikija kwa pupa.

Chunguza na wewe bidhaa yako ina majira gani. Mwani una miezi yake, asali ina miezi yake, ngozi iliyotiwa dawa kwa haraka inanuka. Sababu utakayoipata hapo itakuwa yako mwenyewe, na mteja ataielewa kuliko maneno ya jumla kuhusu maadili.

Usipandishe ili ushushe

Iko njia ya mkato ambayo utashauriwa na watu wanaokupenda: pandisha kwanza. Ili mkoba wangu nitangaze umepungua asilimia 30 na mimi nipokee 45,000 zangu, naandika 64,300, nachora mstari mwekundu juu yake, basi. Nawasihi msifanye hivyo. Mteja aliyenunua Agosti kwa 45,000 atapita dirishani, ataiona ile 64,300, na kuanzia siku hiyo kila unachomwambia, hadi habari ya msukaji wa Pangani, atakitilia shaka. Sheria nayo ipo: Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na bei imo. Na kama unauzia wateja walioko Ulaya, tangu Mei 2022 nchi za Umoja wa Ulaya zinamtaka muuzaji anayetangaza punguzo aonyeshe bei ya chini kabisa aliyoitumia ndani ya siku 30 zilizotangulia. Bei ya juu iliyobuniwa jana haisimami mbele ya kanuni hiyo.

Sema mapema, sema mara moja

Ukingoja Ijumaa yenyewe ndipo utangaze kwamba hushiriki, utaonekana umekasirika au umefilisika. Sisi tunatangaza mwisho wa Oktoba. Tunaandika kwenye karatasi moja inayobandikwa karibu na droo ya pesa, na maneno hayo hayo yanawekwa kwenye hali ya WhatsApp na Instagram:

“Ndugu wateja, bei zetu ni moja mwaka mzima. Katika mkoba wa 45,000, wasukaji na washonaji wanapata 18,000. Hatuna ofa ya Novemba wala ya Desemba, kwa sababu hatuna fungu la kuikatia bila kuwagusa wao. Ukinunua leo, hutajuta kesho kuukuta umeshuka. Karibuni sana.”

Usizidishe hapo. Usiwaseme vibaya wanaotoa ofa, wana sababu zao, na wateja wako wengine wanafanya kazi huko. Usimwonee mteja kwa kupenda bei nafuu. Mwenye kipato kidogo anayesubiri ofa ili mwanawe apate viatu vya sikukuu anastahili heshima yako yote. Taja namba yako moja ya kweli na uishie hapo. Ile 18,000 ndiyo inayofanya kazi. Watu hunipigia kuniuliza, “Kweli wanapata hivyo?” na mazungumzo yanaanzia pazuri.

Ujumbe wa binafsi unahitaji ulaini zaidi. Akiandika mama mtu mzima, nitaanza na shikamoo, nitamuulizia hali, ndipo nimjibu. Akiandika wa rika langu, “Dada, ofa lini?” namjibu: “Karibu dada yangu. Bei yetu haibadiliki, kwa hiyo usiisubiri. Ukipenda nikuwekee huu uwe unalipa kidogo kidogo.” Usimwache na hapana tupu. Hapana iandamane na njia.

Halafu kuna kupatana bei, ambako ni desturi yetu na siidharau hata kidogo. Sokoni muuzaji anataja bei yenye nafasi, mnunuzi anashusha, wanakutana katikati na wote wanacheka. Bei ya kwetu haikuwekewa nafasi hiyo tangu mwanzo, na hilo uliseme mapema kabla mtu hajapoteza nguvu. Mimi huongeza jambo moja: nikimpunguzia ajuaye kubishana, nitakuwa nimemtoza zaidi yule mzee mpole aliyelipa bila kusema neno. Nikilieleza hivyo, wachache sana wanaendelea kushindana nami.

Cha kumpa mteja badala ya punguzo

Sehemu hii wengi huiruka, wakabaki na msimamo mzuri na droo tupu.

Kwanza, kudunduliza. Mteja anaacha 10,000, tunaandika jina lake kwenye kikaratasi, tunakifunga kwenye mkanda wa mkoba na kuuweka rafu ya juu. Analeta anapopata, akimaliza anachukua. Hakuna riba wala faini. Akishindwa kabisa anarudishiwa pesa yake. Wateja wengi waliokuwa wanadai ofa walichokuwa wanakosa ni 45,000 za mara moja, na kudunduliza kumewatosha. Akina mama wa michezo ya kupokezana pesa nao huja hivyo: wanakubaliana kila anayepokea mwezi huo anunuliwe mkoba, na sisi tunajua miezi kadhaa mbele tutashona mingapi.

Pili, oda za mapema. Misala ya Ramadhani tunaichukulia oda miezi mitatu kabla, mteja akitanguliza nusu. Anayetanguliza hapunguziwi bei, ila anachagua rangi, anaweza kutiwa herufi za jina, na ana uhakika wa kupata. Hiyo nusu inakwenda moja kwa moja kwa wasukaji, nao wanapata muda wa kuukausha ukindu vizuri.

Tatu, ukarabati. Mkanda ukikatika lete, mshono ukiachia lete. Mshono hatutozi, mkanda unalipia ngozi tu. Mtu akijua mkoba wa 45,000 atatembea nao miaka, hesabu yake inabadilika, na anaporudi kwa ukarabati mara nyingi huja na shoga yake.

Bei ya chini inaruhusiwa mahali pawili dukani kwetu, mwaka mzima, bila msimu. Chenye kasoro kinauzwa pungufu na kasoro inaandikwa wazi: “rangi imechuja upande huu.” Na kilichokaa dirishani mpaka jua likakipauza. Kinachododa bila kasoro hatukishushi bei, tunakifumua. Mikanda inavuliwa inakwenda kwenye mkoba mwingine, ukili unashonwa vikapu vidogo vya mkate au vya vitunguu. Ili visidode vingi, umbo jipya tunashona machache, tunayaweka dirishani, tunasubiri watu waseme. Mtaani kukitokea msiba na mkeka ukahitajika, tunautoa. Huo ni ujirani, haumo kwenye hesabu hizi.

Ujipange kwa miezi ya njaa

Ofa mara nyingi hutolewa kwa hofu. Januari watu wana ada za shule, masika barabara zinajaa maji na wageni hawaji, droo iko tupu na simu inakuonyesha maduka yote yameshusha. Mwenye akiba pekee ndiye anayeweza kuvumilia hapo. Katika zile 8,000 za kila mkoba, 2,000 zinaingia kwenye kibubu, siku ile ile, kabla sijazizoea. Kibubu hicho kinalipa pango la Aprili na Mei na kinanunua ukili wakati wa kiangazi, ili masika tushone tulichonacho. Usipokuwa na kibubu, msimamo wako hautavuka Januari ya kwanza. Anza na kidogo, 500 ikibidi, lakini anza kabla ya kutangaza lolote.

Mnunuzi wa jumla

Duka la hotelini au la ng'ambo linaweza kukuandikia kwamba wanaingia kwenye wiki ya ofa na wanataka wewe ushushe bei ya jumla asilimia kadhaa “ili tushirikiane.” Jibu kwa adabu, kwa maandishi: wao wako huru kupunguza kwenye faida yao, bei ya kwako inabaki. Kwenye makubaliano yetu tumeandika pia kwamba nusu ya thamani ya oda inalipwa kwanza. Hilo si ombi la ajabu. Kanuni za Shirika la Biashara ya Haki Duniani, WFTO, zinamtaka mnunuzi wa kazi za mikono atangulize angalau asilimia 50 bila riba iwapo mzalishaji ataomba. Mnunuzi anayejitangaza kuwa wa haki analijua, na ukimkumbusha atakuheshimu. Tumewahi kuachwa na mmoja kwa sababu ya kukataa. Ilituuma, oda yake ilikuwa kubwa. Lakini oda ile kwa bei aliyotaka ingekuwa kazi ya kugawana hasara, nami ningekuwa wa mwisho kuionja.

Wapo wakubwa waliokataa pia, ukitaka mfano wa kumwonyesha mshirika wako anayesitasita. Mwaka 2011, siku ya Ijumaa Nyeusi yenyewe, kampuni ya nguo ya Patagonia ililipia tangazo kwenye gazeti la New York Times likiwaambia watu wasinunue koti lake. Mwaka 2015 REI, wauzaji wa vifaa vya kupanda milima, walifunga maduka yao yote siku hiyo na kuwalipa wafanyakazi kama kawaida. Mifano hiyo inatia moyo, ila isikudanganye: wao wana uwezo wa kufunga siku nzima, wewe huenda huna. Fungua duka. Uza kwa bei yako.

Waambie wasukaji kabla ya wateja

Kila Oktoba, tunapopeleka malipo, tunawasomea hesabu ile ile ya 45,000, mstari kwa mstari, na ile 8,000 yangu naitaja. Wanauliza maswali magumu. Kwa nini fundi wa ngozi anapata 7,000 kwa kazi fupi? Swali hilo lilitufanya tutenganishe bei ya ngozi na ujira wake, na ikaonekana ngozi ndiyo inayokula sehemu kubwa. Wao pia ndio walioshauri oda kubwa zisipokelewe vuli. Msimamo wa bei ukiwa wa kwako peke yako, mtu wa kati akija kijijini na ofa yake ya kununua pima nyingi kwa bei ya kutupa, atapata wa kumuuzia. Wakiujua na kuukubali, watamjibu wenyewe.

Na kama mwaka huu umeshatangaza ofa na bango liko nje, usiliondoe. Ahadi uliyompa mteja itimize mpaka tarehe uliyoiandika. Walipe wasukaji au mafundi wako kiwango kile kile cha kawaida, hasara ibaki kwako, na uiandike kwenye daftari kwa tarakimu kamili. Ofa ikiisha, piga ile hesabu ya mikoba saba na kumi na sita kwa bidhaa yako, anza kibubu, na tangazo lako la bei moja liweke tayari kwa Oktoba.